Ua Linalonuka Mzoga: Mgeni wa Sumatra katika Nyumba za Kioo za Vyuo Vikuu

Katika nyumba ya kioo ya chuo kikuu, mmea mmoja waweza kukaa miaka saba, hata kumi, bila kuonyesha ua lolote. Watunzaji huumwagilia maji, huuhamishia katika chungu kikubwa zaidi, na kuungoja. Kisha jioni moja mmea hufunguka, na usiku unapoingia nyumba nzima hunuka kana kwamba mnyama amekufa chini ya sakafu. Watu hupanga foleni hadi nje ili wauone, huku wameziba pua. Baada ya siku mbili hivi, yote huwa yamekwisha.

Mmea huo huitwa kwa jina la kitaalamu Amorphophallus titanum. Wenyeji wa Indonesia huuita kwa maneno yenye maana ya "ua la mzoga". Asili yake ni misitu ya kisiwa cha Sumatra, ambako Mtaliano Odoardo Beccari aliuona mwaka 1878 na kupeleka mbegu zake Ulaya. Mche mmoja ulifikishwa katika Bustani ya Kew, Uingereza, na mwaka 1889 ukatoa maua kwa mara ya kwanza nje ya nchi yake. Leo mmea huu unatunzwa katika bustani nyingi duniani, zikiwemo zile za Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, na Chuo cha Dartmouth, Marekani. Katika vyuo hivyo viwili wataalamu wameuuliza mmea huu maswali mengi, na umewajibu baadhi yake.

NDUGU WA MAGIMBI

Licha ya ugeni wake, mmea huu ni wa familia ya Araceae, ambayo ndiyo familia ya magimbi. Kama gimbi, nao huhifadhi chakula katika tunguu lililo chini ya udongo. Tofauti ni ukubwa: tunguu moja lililopimwa Bonn mwaka 2006 lilikuwa na uzito wa kilo 117, yaani kupita gunia la mahindi.

Kutoka katika tunguu huchipua jani moja tu. Jani hilo husimama juu ya kikonyo kinene kama mti mdogo, na laweza kufikia urefu wa meta sita. Kazi yake ni kutengeneza wanga na kuuteremsha chini. Baada ya mwaka mmoja au zaidi jani hunyauka, tunguu hupumzika kwa miezi kadhaa, kisha jani jipya huchipua. Mzunguko huo hurudiwa mpaka akiba ya wanga itoshe. Hapo ndipo, badala ya jani, hutokea chipukizi la maua, nalo huweza kurefuka kwa sentimeta kumi au zaidi kwa siku.

Kile ambacho watazamaji hukiita "ua" kwa hakika si ua moja. Katikati husimama kitu kirefu mfano wa mchi. Mchi huo umezungukwa na jani pana lililokunjamana, ambalo kwa kazi yake lafanana na karara la mnazi: kwa nje ni la kijani, na kwa ndani lina rangi ya zambarau iliyoiva, kama nyama mbichi. Maua yenyewe ni madogo na ni mamia kwa mamia, nayo yamefichika chini kabisa ya mchi: maua ya kike upande wa chini na ya kiume juu yake. Mwaka 2003 shada la namna hiyo lilifikia urefu wa meta 2.74 katika bustani ya Bonn.

JOTO NA HARUFU

Kwa nini mmea utumie akiba ya miaka mingi kwa kunuka usiku mmoja? Jibu limo katika uchavushaji. Wadudu wanaouchavusha ni mbawakawa na nzi wa mizoga, ambao hutafuta nyama iliyooza ili wale na watage mayai. Mmea hauna nyama ya kuwapa. Unawadanganya kwa rangi, kwa harufu na kwa joto.

Joto hilo ni la kweli. Mwaka 2006, wataalamu wa Bonn, akiwemo Profesa Wilhelm Barthlott, waliutazama mmea usiku kwa kamera inayoonyesha joto. Waligundua kwamba mchi hupata moto hadi nyuzi 36 hivi za Selsiasi, karibu sawa na mwili wa binadamu. Zaidi ya hayo, joto halikutoka mfululizo bali kwa mawimbi, na kila wimbi liliandamana na mkupuo wa harufu. Usiku hewa iliyo chini ya miti ya msituni hutulia, na harufu ingebaki papo hapo. Hewa iliyopashwa moto na mchi hupanda juu, kama moshi katika dohani, ikaibeba harufu hadi mbali.

Chanzo cha joto ni wanga uleule uliowekwa akiba. Katika upumuaji wa kawaida wa seli, sehemu kubwa ya nishati inayotoka katika chakula huhifadhiwa katika kemikali iitwayo ATP. Katika mchi wa mmea huu, elektroni hupitishwa njia ya mkato ndani ya mitokondria, kwa msaada wa kimeng'enya maalumu. Nishati ambayo ingehifadhiwa hutoka ikiwa joto.

Ama harufu, hiyo ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na zilizo kali zaidi ni zile zenye salfa. Mwaka 2024 watafiti wa Dartmouth walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vipande vidogo vilivyokatwa kutoka katika mmea wa nyumba yao ya kioo. Walikuta kwamba jeni zinazohusika na joto na matumizi ya salfa hufanya kazi kwa nguvu wakati wa kuchanua, na kwamba mchi una wingi wa methionini, asidi ya amino yenye salfa. Tena walikuta putresini, kemikali ambayo hutokea pia nyama inapooza. Udanganyifu huo, basi, umejengwa kwa malighafi ileile ya mzoga.

NDOA ISIYO NA MCHUMBA

Maua ya kike huwa tayari usiku wa kwanza. Maua ya kiume hutoa chavua usiku unaofuata, wakati yale ya kike yamekwisha kupitwa na muda wake. Kwa mpango huo mmea hujikinga usijichavushe wenyewe. Msituni, mdudu aliyepakwa chavua katika shada moja huruka hadi shada jingine lililofunguka usiku huo, akadanganywa kwa mara ya pili.

Katika nyumba ya kioo hakuna shada jingine. Watunzaji hukusanya chavua, huigandisha kwa baridi kali, na kuipeleka kwa bustani nyingine siku ya haja itakapofika. Hapo hukata dirisha dogo chini ya karara, wakapaka chavua kwa brashi juu ya stigma za maua ya kike. Wakichelewa usiku mmoja, hulazimika kungoja miaka mingine. Wakifaulu, baada ya miezi kadhaa hutokea matunda mekundu, ambayo huko Sumatra huliwa na hondohondo, na ndege hao hueneza mbegu.

Kazi hiyo si mchezo wa kufurahisha wageni. Misitu ya Sumatra inafyekwa kwa ajili ya mbao na mashamba ya michikichi, na mwaka 2018 mmea huu uliandikwa katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Inakadiriwa kwamba mimea mipevu iliyobaki porini haizidi elfu moja. Kwa hiyo mimea ya bustanini ni akiba ya dunia.

Lakini akiba hiyo ina kasoro. Uchunguzi wa kumbukumbu za bustani nyingi, uliochapishwa mwaka 2025 na wataalamu wa Marekani, ulionyesha kwamba karibu robo ya mimea hiyo ni nakala za mimea mingine, na robo nyingine hivi ni watoto wa wazazi wenye udugu wa karibu. Katika bustani moja, miche ilizaliwa myeupe, bila klorofili. Haikuweza kujitengenezea chakula. Mfugaji mwenye mbuzi wachache wa ukoo mmoja hulijua jambo hili, naye huazima beberu wa zizi jingine. Bustani nazo zahitaji kumbukumbu kamili za nasaba, ili chavua itoke kwa mgeni, si kwa ndugu.

YALIYO KARIBU NASI

Jenasi ya Amorphophallus ina spishi zaidi ya 200, na Afrika Mashariki imo katika makao yake. Amorphophallus stuhlmannii na Amorphophallus maximus huota porini Tanzania na Kenya, nazo ni ndogo kuliko ile ya Sumatra. Mwanafunzi akilikuta jani moja lililogawanyika, limesimama peke yake juu ya kikonyo chenye madoa, na alichore kabla ya kulipita.

Joto la upumuaji laweza kuonyeshwa darasani bila ua la Sumatra. Chukua chupa mbili za chai. Katika ya kwanza tia maharage yanayoota. Katika ya pili tia maharage yaliyochemshwa yakapoa, na kusuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Ziba kila chupa kwa pamba, huku kipimajoto kimepenya katikati, kisha andika vipimo asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Maswali ya kujadiliwa:

1. Kwa nini maharage ya chupa ya pili yasuuzwe kwa dawa?

2. Mmea hupata faida gani kwa maua ya kike kutangulia ya kiume?

3. Msitu ukifyekwa na mimea michache ikabaki mbalimbali, uchavushaji utaathirikaje, hata kama hakuna mmea uliokatwa?