Betri ya moyo inapokutana na umeme wa Shituru

Mtu ambaye betri yake ya moyo imepangwa mapigo 60 kwa dakika, akisimama karibu na mikanda minene ya shaba inayopeleka umeme kwenye chumba cha elektrolisi, anaweza kujishika mkono na kukuta mapigo 85, au 100, yaliyonyooka, yasiyopanda akitembea wala kushuka akikaa. Akisogea mbali kidogo, yanarudi kama kawaida. Hajarogwa, na betri haijaharibika. Imekutana na sumaku.

Betri hiyo ni kisanduku kidogo cha titani kinachowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kikiwa na waya mmoja au nyaya mbili zinazoingia ndani ya moyo. Hupewa hasa watu ambao umeme wa asili wa moyo wao umekatika njiani, hivyo moyo unapiga polepole mno na mtu anazimia. Kazi yake kubwa ni kusikiliza: moyo ukipiga wenyewe, inanyamaza, ukichelewa, inausukuma. Ila watengenezaji wameiwekea swichi inayotii sumaku, ili daktari aweze kuipima au kuilinda wakati wa upasuaji. Sumaku ikikaribia, betri inaacha kusikiliza, inapiga kwa kasi moja tu. Nyingi za Medtronic hupiga 85, na za Boston Scientific 100. Betri ikikaribia kuisha, kasi hiyo ya sumaku hushuka. Kwa Medtronic inakuwa 65. Kwa hiyo namba ile inayomtisha mgonjwa, kwa daktari ni taarifa.

Shituru, mtaa wa mji wa Likasi nchini Kongo, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu mtaa wenyewe umejengwa kandokando ya umeme mwingi. Kiwanda chake cha shaba kilianzishwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1929, katika enzi za ukoloni ambamo Likasi iliitwa Jadotville, na mwaka 1967 kikaingia mikononi mwa serikali. Shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfa, kisha maji yale ya bluu huingizwa kwenye mabeseni ambamo umeme wa moja kwa moja huivuta shaba ikagande kwenye mabamba. Volti ya beseni moja ni ndogo, kama 2 hivi, unaweza kuidharau. Kinachohusika hapa ni ampea, na katika vyumba vya namna hii zinahesabiwa kwa maelfu.

Hesabu yake si ngumu. Waya ulionyooka wenye ampea 10,000 huzaa usumaku wa militesla 2 ukiwa mita moja kutoka kwake, militesla 1 kwenye mita mbili, na nusu militesla kwenye mita nne. Usumaku wa dunia haufiki hata 0.07. Betri za kisasa hujaribiwa kiwandani zisitetereke hadi militesla 1, na wataalamu wa usalama huweka tahadhari yao kwenye 0.5. Ndani ya chumba kwenyewe mikondo ya kwenda na kurudi hupunguzana nguvu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukadiria kwa macho. Ni lazima kipimo kiletwe, kishikwe usawa wa kifua, pale pale mfanyakazi anaposimama, umeme ukiwa umewashwa wote.

Dakika chache za kasi ya sumaku kwa kawaida hazimdhuru mtu. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa wenye kifaa cha aina nyingine, kile kinachoupiga shoti moyo unapokwenda mbio vibaya. Hicho kikikutana na sumaku huweza kuacha kulinda, na kwa kawaida mapigo hayabadiliki. Mwenye nacho anaweza asihisi kitu.

Lakini wengi wanaoona mapigo yakipanda na kushuka hawajakanyaga chumba cha elektrolisi. Wako kwenye pikipiki, barabara ina mashimo, na betri ina kihisio cha mtikiso kilichowekwa ili mapigo yapande mtu anapotembea. Kihisio hakijui tofauti ya miguu na mashimo. Unakaa tu nyuma ya dereva, mapigo yanafika 90 au zaidi. Wengine huamka usiku wakakuta 50, kumbe betri imepangiwa kasi ya chini ya usingizi. Na kuna lile la oksimita ya kidoleni: inasoma 38 wakati betri imepangwa 60. Mara nyingi moyo umetoa mapigo ya ziada, dhaifu, yasiyofika kidoleni. Mambo haya yalipaswa kuelezwa siku ya kuwekewa betri, dakika tano tu, na naona ni uzembe yanapoachwa.

Hatari ya karakana ni ya namna nyingine. Mashine ya kuchomelea vyuma hutoa kelele za umeme ambazo betri inaweza kuzidhania kuwa ni mapigo ya moyo, ikanyamaza. Kwa mtu ambaye moyo wake hauna pigo lake mwenyewe, kunyamaza huko ni kizunguzungu, kisha kuanguka. Mwongozo wa watengenezaji ni kukaa angalau sentimita 60 kutoka kwenye cheche na nyaya, kutumia umeme mdogo kadiri inavyowezekana, na kutobeba waya begani. Jenereta na injini inayonguruma, sentimita 30. Simu, 15, na isikae mfuko wa shati upande wa betri. Simu zenye sumaku nyuma, kama iPhone 12 iliyotoka mwaka 2020, zimeonekana kuigusa swichi ile. Kupita chini ya nyaya za umeme barabarani kwa kawaida hakuna neno.

Tatizo gumu zaidi ni kupata wa kuipima. Takwimu za chama cha wataalamu wa moyo Afrika, PASCAR, za 2011 hadi 2016, zilionyesha nchi ya katikati kwenye orodha ikiweka betri zisizofika tatu kwa kila watu milioni kwa mwaka. Vituo kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni vichache, na kompyuta ya kampuni moja haisomi betri ya kampuni nyingine. Ndiyo maana kadi ya betri, yenye jina la kampuni na namba ya kifaa, inapaswa kutembea na mwenyewe hata sokoni.

Tena mgonjwa aandike kila kinachomtokea. Betri nyingi huhifadhi kumbukumbu za matukio kwa tarehe na saa. Daktari akipewa karatasi iliyoandikwa "Jumanne, saa nne asubuhi, kwa fundi wa kuchomelea, kizunguzungu", anaifungua kumbukumbu ya Jumanne ile, saa ile, na kuona kama betri ilisikia kelele au kama moyo wenyewe ndio uliobadilika.