Msaada wa Maafa na Minervali ya Watoto: Nani Aondolewe katika Orodha?

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, paroko na wakatekista wake hukaa pamoja kutazama orodha ya watoto watakaosaidiwa minervali. Pesa ni chache, watoto ni wengi. Ndipo mmoja husema: "Mama huyu alipata pesa ya wakimbizi. Tumtoe, tumweke mwingine." Neno hilo laonekana kuwa la haki, na wengi hulikubali mara moja. Je, ni la haki kweli? Ndilo jambo tunalotaka kulieleza hapa, ili wale wanaogawa mali ya maskini wagawe kwa dhamiri safi.

I. Hali ya mambo

Tuanze na masomo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema ya kuwa masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima tena bila malipo. Neno hilo lilianza kutimizwa nchini kote mwezi wa Septemba 2019. Shule zetu za Kikatoliki, zinazoongozwa kwa mapatano ya Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, zimo katika mpango huo. Lakini mpango waishia darasa la sita. Mtoto akiingia sekondari, mzazi hulipa minervali. Tena hata katika shule ya msingi, daftari, kalamu na nguo za masomo havitoki mbinguni. Kwa hiyo maskini hutazama mfuko wa parokia, wa jimbo au wa wafadhili.

Tutazame sasa watu wenyewe. Wakristu wa Masisi na Walikale wamekimbia si mara moja, tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanzia Ntoto. Miaka hii ya karibuni vita vimerudi kwa nguvu. Tarehe 4 Januari 2025 M23 waliingia Masisi-centre, tarehe 27 ya mwezi uleule wakaingia Goma, na tarehe 19 Machi wakafika Walikale-centre, ambako walitoka mwanzoni mwa Aprili. Mwezi wa Februari 2025 makambi ya Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, yalivunjwa, na watu wakashika njia ya kurudi vijijini. Wengi walikuta nyumba bila mabati na shamba bila mbegu.

Watu hao hupewa msaada kwa namna tatu: vitu vyenyewe, kama unga, maharagi, mabashi na sufuria, au makuponi ya kununulia vitu, au pesa, mkononi ama kwa telefone. Msaada huo ni kiasi gani? Tutoe mfano mmoja unaojulikana. Katika miaka 2011 na 2012, chama cha Concern Worldwide kilisaidia wakimbizi wa kambi moja ya Masisi, wengine kwa pesa, wengine kwa makuponi. Kila nyumba ilipata jumla ya dola 130 kwa muda wa miezi 7 hivi. Tuseme nyumba ina watu 6: yatoka dola 3 na kidogo kwa mtu kwa mwezi. Anayesema "huyu alipata pesa" afanye kwanza hesabu hiyo.

II. Kanuni tatu

Kanuni ya kwanza: msaada wa maafa si mapato. Mapato ni kitu kinachorudi: mshahara kila mwezi, mavuno kila msimu, maziwa ya ng'ombe kila asubuhi. Msaada wa maafa huja kwa sababu mapato hayo yamekatika. Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi wawili na shamba la muhogo, kisha akapewa dola 130, hakutajirika. Shimo lake limejazwa kidogo tu, bado ni shimo. Basi ukimhesabia msaada huo kama mali, unamhesabia hasara yake kama faida.

Hata mataifa tajiri yametambua jambo hilo. Huko Marekani, sheria ya maafa iitwayo Stafford, ya mwaka 1988, yakataza kuhesabu msaada wa maafa kuwa mapato au mali, pale mtu anapopimwa kama anastahili misaada ya serikali kuu inayotolewa kwa wasio na uwezo.

Kanuni ya pili: hasara moja isilipwe mara mbili. Sheria ileile ya Marekani yakataza pia jambo hilo, na ni haki. Ikiwa chama cha msaada kimekwisha kulipa masomoni minervali ya mtoto, parokia isilipe tena minervali ileile. Kanuni hizi mbili hazipigani. Ya kwanza yatukataza kumnyima mtu minervali kwa sababu alipewa unga. Ya pili yatukataza kulipa minervali juu ya minervali. Kwa hiyo swali sawa si "Umepokea?", bali "Kile ulichopokea kililipa nini?"

Kanuni ya tatu: nia ya mtoaji ishikwe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, aya ya 3, yasema ya kuwa matoleo yaliyotolewa kwa kusudi fulani yatumiwe kwa kusudi hilo tu. Na kanuni ya 1300 yaagiza kutimiza kwa uangalifu mkubwa nia za waamini wanaotoa mali yao kwa kazi za ibada na mapendo. Mfadhili ametoa pesa kwa ajili ya wanafunzi maskini. Akiulizwa leo, je, angependa tuwaondoe waliochomewa nyumba kwa sababu walipewa bashi?

III. Mafundisho ya Kanisa

Jambo hili si geni. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma habari ya wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani, waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walionung'unika. Walisahihisha namna ya kugawa, wakaweka watu saba wenye sifa njema. Naye Mtakatifu Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 5, aweka mashauri juu ya orodha ya wajane. Ni kusema orodha yenyewe si mbaya. Sharti tu iwe na kipimo cha kweli.

Kipimo hicho Mtakatifu Tomaso atufundisha anapoeleza haki ya kugawa na dhambi ya upendeleo (Summa, II-II, maswali 61 na 63). Mwenye kugawa atazame sababu inayomfanya mtu astahili kitu kile. Akitazama jambo jingine lisilohusu kitu hicho, ampe mtu ama amnyime, amekosa haki. Basi tuulize: ni nini kinachomfanya mtoto astahili msaada wa minervali? Ni kwamba anaweza kusoma na wazazi wake hawana cha kulipa. Jeto ya ugawaji aliyoshika mama yake mwezi wa tatu si sababu ya kumpa, wala si sababu ya kumnyima.

IV. Mifano

1. Mama mjane amerudi kijijini Masisi. Alipewa pesa ya chakula kwa miezi mitatu, ikaisha. Mtoto wake yuko sekondari. Abaki katika orodha, maana pesa ile ililiwa, wala haikulipa masomo.

2. Baba mmoja wa Walikale alikimbia, akapewa msaada, lakini sasa amerudi kazini na mshahara wake wafika. Tumpime kwa mshahara wa leo. Akiondolewa, aondolewe kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya msaada wa zamani.

3. Chama kimelipa minervali ya muhula wa kwanza. Parokia yaweza kulipa mihula inayobaki.

4. Nyumba moja haikukimbia, bali imepokea ndugu wakimbizi. Haikupata jeto, na sasa sufuria moja inalisha nyumba mbili. Hao ndio twawasahau mara nyingi. Waandikwe nao, kama uhitaji wao ni wa kweli.

Mtu atasema: "Lakini pesa haitoshi. Aliyepata ampishe asiyepata." Twajibu: wapimeni wote kwa hali yao ya leo. Ikiwa watoto wawili wana uhitaji sawa kabisa, na katika nyumba ya mmoja msaada ungalipo, hapo ni halali kumtanguliza mwingine. Lakini tazameni kilichobaki mkononi leo, msihesabu kilichopokewa jana.

V. Mashauri kwa wanaogawa

Tukikosa katika jambo hili, madhara ni makubwa. Watu wakijua ya kuwa jeto yaondoa minervali, watajifunza kuficha. Mama atasema uongo mbele ya katekista yuleyule anayewafundisha watoto wake amri ya nane. Naye mtoto aliyefukuzwa masomoni hakai bure. Mvulana huenda kwenye mashimo ya koltani ya Rubaya, au kwenye machimbo ya Walikale, au hushika bunduki. Msichana huozwa mapema. Kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kumlipia muhula mmoja.

Kwa hiyo twashauri haya. Kwanza, orodha ya minervali isinakiliwe kutoka orodha ya jeto, wala isitengenezwe kwa kuiogopa. Pili, kila nyumba iulizwe maneno manne: nani anayeingiza kitu leo? watu wangapi wanakula? mlipoteza nini? msaada mliopata ulilipa nini? Tatu, katekista asiamue peke yake, zaidi sana juu ya jamaa yake. Wawe watatu au wanne kutoka mashirika, na kati yao mama mmoja na mkimbizi mmoja. Nne, minervali ipelekwe masomoni, na hati ya malipo iwekwe parokiani. Tano, mambo ya nyumba za watu yasisomwe mbele ya mkutano. Sita, anayekataliwa aambiwe sababu, naye aweze kujibu.

Mtakatifu Paulo, alipokusanya matoleo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alituma pamoja na Tito ndugu wengine waliosifiwa, ili mtu asipate kumlaumu, na mambo yawe safi mbele ya Mungu na mbele ya watu (2 Wakorinto 8). Nasi tufanye vivyo hivyo mwezi wa Septemba, tukikaa na karatasi ile mbele yetu. Kabla ya kufuta jina la mtoto, tujiulize kama tumeona kweli mali ya wazazi wake, ama tumeona jeto tu.