Mbuzi wa kombe: Sheria inasemaje kabla ya kipenga cha mwisho?

MASHINDANO ya mpira mtaani hayanogi mpaka zawadi itajwe. Pita Mikindani, Jomvu au Changamwe wakati wa likizo ya Desemba au siku za Idd, swali la kwanza utakalosikia ni hili: wanawania nini? Mara nyingi jibu lina miguu minne. Bingwa fahali, wa pili mbuzi, wa tatu anaondoka na jogoo.

Zawadi hiyo inapendwa, na si bure. Pesa taslimu zikitolewa, kesho yake maneno hayaishi: kapteni kala, kocha kaficha. Mbuzi hafichiki. Kila mtu kamwona uwanjani, na jioni timu nzima, hadi wale wa benchi, inakula pamoja. Naye mfadhili anajua picha ya kukabidhi mbuzi husambaa mitandaoni haraka kuliko picha ya bahasha.

Lakini hebu tumtazame huyo mbuzi mwenyewe. Analetwa asubuhi, miguu imefungwa, kalazwa nyuma ya boda boda au kusukumwa ndani ya tuktuk. Anafungwa kwenye mlingoti karibu na meza ya wageni, kivulini kama ana bahati. Mechi ya fainali ni saa kumi. Kati ya hapo kuna jua la Pwani, vuvuzela, spika, watoto wanaomvuta masikio na mashabiki wanaotaka selfi. Mbuzi ni mnyama wa kundi; akitengwa na wenzake hujawa na hofu. Maji? Wengi hawakumbuki. Timu ikishinda, anabebwa mabegani huku analia, na watu wanacheka.

Je, sheria inaruhusu? Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa kabla ya uhuru. Haina kifungu kinachokataza kumtoa mnyama hai kama zawadi. Kwa hivyo kumtangaza mbuzi kwenye bango la mashindano si kosa.

Kosa linaweza kuwa katika yale anayofanyiwa. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinakataza kumpiga au kumtesa mnyama, kumsafirisha kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima, na kumnyima chakula au maji. Ukipatikana na hatia, faini haizidi Sh3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa maneno mengine, faini ya juu kabisa inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya mbuzi mwenyewe. Hapo ndipo sheria inapolegea.

Kwingine wamekwenda mbali zaidi. Nchini Uingereza, tatizo lilikuwa samaki wadogo wa rangi ya dhahabu, waliokuwa wakitolewa ndani ya mifuko ya plastiki kwenye maonyesho ya burudani. Mtoto anashinda samaki, anafika naye nyumbani, hana pa kumweka, na samaki anakufa. Sheria ya mwaka 2006 inayotumika England na Wales inakataza kumpa mnyama kama zawadi mtoto wa chini ya miaka 16 asiyeandamana na mtu mzima. Scotland, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, ilipiga marufuku kabisa zawadi za wanyama, isipokuwa ndani ya familia.

Atatokea msee aseme: hayo ni mambo ya Wazungu, mbuzi wetu ni kitoweo. Ana hoja. Samaki wa Scotland alikuwa aende kufugwa. Mbuzi wa Mikindani anaelekea sufuriani. Hakuna anayesema watu wasile nyama. Suala ni zile saa kabla ya kisu. Na hapa hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Mafundisho ya Kiislamu yanataka mnyama wa kuchinjwa atendewe wema, kisu kiwe kikali na asinolewe kisu akiona. Mbuzi anayeburutwa uwanja mzima mbele ya spika hajatendewa hivyo.

Cha kufurahisha ni kwamba hatuna haja ya kusubiri Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa majukumu ya kaunti. Bunge la Kaunti ya Mombasa linaweza kutunga sheria kuhusu jambo hili. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti yake. Vijana wa timu mbili tatu wakiketi na diwani wao, safari imeanza.

Hata bila sheria mpya, waandalizi wana njia. Mbuzi abaki kwa muuzaji, uwanjani iletwe hati ya kumchukua. Au bucha ilipwe, timu ikachukue nyama iliyokaguliwa badala ya kuchinja kichochoroni. Au tupige hesabu: tuseme mbuzi ni Sh10,000 na timu ina watu 20. Kila mmoja amepata nyama ya Sh500, na kesho hakuna kilichobaki. Pesa hizohizo zikiongezewa kidogo ni mipira, njumu au jezi za msimu mzima. Wakihofia pesa kuliwa, vifaa vinunuliwe na kukabidhiwa mbele ya watu wote, vivyo hivyo kama mbuzi.

Na kama lazima mnyama aletwe, basi apewe kivuli, ndoo ya maji, majani na mtu mmoja wa kumlinda. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji tu kapteni atakayeuliza kabla mechi haijaanza: jamani, huyu kanyweshwa?