Wimbo wa Kambo uliokuwa unakatika kila magaribi

Mama wenzetu, wiki hii tunaacha kidogo habari za unga na za chanjo, tuongee muziki wa nyumbani. Wengine mtasema hayo ni mambo ya wanaume na nyaya zao. Sisi pia tulisema vile, mpaka siku ile mzee wa nyumba yetu alipoomba tuzime mashini yote, maana alichoka kukatiwa wimbo katikati.

Kambo, baba mkwe wetu, haoni tena. Alifanya kazi ya mgodi hapa Lubumbashi miaka mingi, na kila mshahara ulipotoka, baada ya mfuko wa unga na feza ya masomo, kitu kidogo kilienda kwenye muziki. Ana santuri ndogo za mizunguko 45, ana kasete zaidi ya 140. Mle ndani kuna Mpongo Love, kuna Tshala Muana, kuna gitaa la Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Katanga yetu ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Na kuna kasete moja isiyo na picha wala jina la duka: kwaya ya parokia, na mama mkwe wetu, marehemu, anaimba sauti ya kwanza. Mtu asiyeona anabaki na masikio. Kwa Kambo, kasete ile ndiyo picha ya mke wake.

Kasete zilikuwa zinachakaa, utepe unaliwa na mashini. Basi tukaamua kuhamisha kila kitu kwenye laptop ya zamani iliyokuwa imelala nyumbani. Watu wanaita kitu hicho seva ya muziki. Jina ni kubwa lakini kazi yake ni ya mtunza ghala: inaweka nyimbo zote mahali pamoja, na chombo kidogo kilichofungwa kwenye ampli ya Kambo kinaagiza wimbo kupitia mtandao wa nyumba. Tulitumia Lyrion, programu ya bure iliyoanza zamani pamoja na vyombo vya Squeezebox. Kampuni iliacha kuvitengeneza mwaka 2012, lakini watu wa kujitolea wameendelea na programu yenyewe. Chombo cha chumbani kwa Kambo ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo kama pakiti ya kiberiti kikubwa, inayokula umeme kidogo kuliko taa nyingi za zamani.

Hapa tuseme jambo moja ambalo mama wengi wametuuliza. Muziki wa namna hii haumalizi mega zenu. Ruta ikiwaka, vyombo vya nyumbani vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe hata kama hamkulipa intaneti mwezi huo. Intaneti ni barabara ya kwenda mjini, mtandao wa nyumba ni njia ya kutoka chumbani kwenda jikoni. Barabara ya mjini ikifungwa, jikoni mtafika tu.

Sasa taabu. Asubuhi wimbo uliimba vizuri hadi mwisho. Mchana pia. Kufika saa moja ya magaribi, wakati Kambo amemaliza bugali yake na anataka kusikiliza, wimbo ulianza, ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kwaya ilikuwa mbaya kuliko yote: mama mkwe anapanda juu kwenye kiitikio, halafu kimya. Kambo akabaki na mkono hewani, ule aliokuwa anapigia mdundo.

Tulienda kuuliza kwa muuzaji mmoja mjini. Alisikiliza kwa upole, akatuambia laptop haifai kwa muziki wa maana, tununue seva ya kweli. Bei: dola 1,800, na waya maalum wa mtandao juu yake. Zamu yetu ya likelemba ilikuwa inakaribia, na kijana wetu alikuwa anangoja kuandikishwa chuo kikuu. Tulirudi nyumbani hatuongei. Ukweli ni kwamba tulishaanza kuhesabu. Mzee anapoumia ndani ya nyumba, feza inaonekana ndogo.

Tusiwadharau wenye seva za kifahari. Zipo: Aurender ya Korea ya Kusini, Innuos ya Ureno, na nyingine, na bei zake ni maelfu ya dola. Zimetengenezwa vizuri, hazina feni ya kupiga kelele chumbani, ndani mna nafasi kubwa, na mtu asiyependa kuhangaika na kompyuta anazifungua tu na kusikiliza. Mwenye uwezo anunue. Lakini sisi swali letu halikuwa utamu wa sauti. Swali letu lilikuwa: kwa nini magaribi, na kwa nini si asubuhi? Mashini mbovu haichagui saa.

Ilibidi tufanye hesabu, ile tunayowafundisha watoto. Muziki wa CD unapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa mikono miwili, kushoto na kulia. Zidisha: ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukihifadhi kwa FLAC, ambayo inakunja faili bila kutupa kitu, mara nyingi inashuka karibu nusu. Waya wa kawaida kabisa wa mtandao, hata ule wa zamani, unapitisha kilobiti 100,000 kwa sekunde. Yaani muziki wa Kambo ni kama mama mmoja na kikapu chake anatembea katikati ya barabara kubwa. Nafasi ipo tele. Shida haikuwa mwendo, shida ilikuwa kukatika-katika.

Chombo kinachopiga muziki kina akiba yake, kama bidoni ya maji nyumbani. Bomba likikauka kidogo, unachota kwenye bidoni na hakuna anayejua. Bomba likikauka muda mrefu, bidoni inaisha. Ndivyo wimbo unavyokatika ghafula ingawa taabu ilianza sekunde nyingi mbele. Basi tukatafuta ni nani anayefunga bomba.

Jirani yetu fundi alitufundisha kupima. Kutoka kwenye laptop unatuma ujumbe mfupi kwa chombo cha Kambo mara 100, unahesabu majibu. Amri yake inaitwa pingi, na ipo katika kompyuta zote. Asubuhi yalirudi 98. Magaribi yalirudi 71. Tukaita watoto waje waone, maana hapo tulikuwa na jibu bila kutoa hata franka moja.

Ruta yetu ilikuwa wapi? Aibu kusema. Tuliifungia ndani ya kabati ya chuma, nyuma ya frigo, kwa ajili ya wezi na mikono ya watoto. Wifi ni mawimbi ya redio, na chuma kinayazuia. Ukuta wa matofali unayapunguza. Tena ruta ile ilikuwa inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo kila mtu wa avenue anatumia. Kwenye mawimbi hayo ni njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Mchana majirani wako kazini. Magaribi wote wamerudi, simu zote zinawaka, na parsele tano zinapiga kelele katika njia moja. Tena kwetu kila wimbo ulikuwa unapita hewani mara mbili: kutoka laptop kwenda ruta, halafu kutoka ruta kwenda kwa Kambo.

Tulifanya mambo matatu. Tuliitoa ruta kabatini, tukaitundika juu ukutani katikati ya nyumba. Tukabadilisha njia, kutoka 6 kwenda 11, maana ndiyo iliyokuwa na watu wachache. Na la tatu, ndilo lililomaliza kesi: tuliacha wifi kwa ajili ya simu, tukavuta waya kutoka laptop hadi ruta, na mwingine kutoka ruta hadi chumbani kwa Kambo. Waya wa namna hiyo unaruhusiwa kufika meta 100. Wetu yote miwili pamoja haikupita 20, na hatukutoa hata dola 15.

Angalieni lakini mnaponunua. Sisi watu wa mji wa shaba tunauziwa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu! Kwaruzeni ncha kwa kisu mbele ya muuzaji. Ndani kukiwa cheupe, mrudishieni. Waya huo unakatika upesi ukikunjwa, na mtapata tena wimbo wa kukatika bila kujua sababu.

Na ule waya maalum tulioambiwa unaongeza utamu? Sisi hatuuamini. Muziki unaposafiri kwenye mtandao wa namna hii unasafiri vipande vipande kama barua, na kila barua ina hesabu yake ya kuhakikisha. Ikifika imeharibika au isipofika, inaombwa tena. Kinachofika kwa Kambo ni namba zile zile zilizotoka. Utamu unatoka kwa bafle, kwa ampli, kwa namna wimbo ulivyorekodiwa, na kwa chumba chenyewe. Chumba cha Kambo kilikuwa na sementi tupu na sauti ilikuwa inarudi-rudi. Tulitandika mkeka mnene, tukatundika pazia mbili za kitenge kizito. Hapo ndipo alisema mwenyewe, "Sasa gitaa limeingia ndani ya nyumba."

Majibu ya pingi yakawa 100 juu ya 100, asubuhi na magaribi. Tukajisifu. Tulijisifu mapema.

Diski ya nje tuliyokuwa tunahifadhia nyimbo ilikuwa inakula umeme wa ukutani. Usiku mmoja, tukiwa katikati ya kunakili, umeme ukaenda, ukarudi kwa nguvu, ukaenda tena. Laptop haikusikia kitu, ina betri yake. Diski haikuamka. Fundi aliokoa karibu zote, lakini rekodi 17 hazikurudi, na moja ilikuwa upande wa kwanza wa kasete ya kwaya. Upande wa pili ulikuwa umebaki kwenye laptop kwa bahati tu. Na kasete yenyewe? Tulipomaliza kunakili tuliona kazi imekwisha, tukaweka kasete kwenye katoni barazani. Mvua za Januari ziliingia. Utepe ulishikana, ukafanya ukungu mweupe.

Tulimwambia Kambo sisi wenyewe, hatukungoja agundue. Alikaa siku mbili bila kuomba muziki. Siku ya tatu akasema, "Pigeni huo uliobaki."

Toka siku hiyo tunafanya hivi. Diski ya nje tunayotumia sasa ni ndogo, inapata umeme kwenye laptop yenyewe, kwa hiyo betri ya laptop inailinda. Ruta ina betri yake ndogo ya volti 12, zile zinazouzwa kwa ajili ya ruta, na ampli ya mzee imefungwa kwenye betri ya sola ya taa. Kinachoingia ukutani kinapita kwanza kwenye stabilizateri, kama ile ya frigo. Na nakala ni tatu: moja kwenye laptop, moja kwenye diski, ya tatu kwenye diski nyingine iliyolala kwa mwandishi wa chama chetu, katika commune nyingine, ndani ya mfuko mkavu. Moto, mwizi au mvua haviingii nyumba mbili siku moja kwa urahisi. Kasete ya asili hatutupi tena, hata ikishanakiliwa.

Mama mwenye kasete za harusi, za kwaya, za wazazi waliolala, alete Jumamosi baada ya mkutano. Kunakili kunachukua muda ule ule wa kasete, dakika 60 kwa dakika 60, kwa hiyo hatuwezi kupokea zaidi ya tano kwa siku. Tunatumia Audacity, ambayo ni ya bure, na tunasafisha kichwa cha mashini kwa pamba na alkoli kila baada ya kasete mbili. Kasete moja ya dakika 60 ikiwa FLAC ni karibu megabaiti 300, basi kifunguo cha USB cha gigabaiti 16 kinatosha familia nyingi. Iliyolowa msiizungushe, msiianike juani, ileteni vile ilivyo.

Andikeni kwenye karatasi nani anaimba, wapi, mwaka gani, kadiri mnavyojua. Msichojua, Kambo atakaa hapo pembeni kusikiliza, na ana masikio makali. Wiki iliyopita tuliandika kwaya moja kuwa ya mwaka 1984. Akasema hapana, ni 1982, kwa sababu mpiga ngoma anayesikika hapo alihamia Likasi mwaka uliofuata, na aliyekuja baada yake alikuwa anakimbiza mdundo.