Keshia amchangamkie mteja kwa kiasi gani?

UCHANGAMFU wa keshia huvuta wateja dukani, lakini ukipita kiasi humkera anayelipa na kumtia mashakani anayelipwa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika kituo cha biashara cha Salgaa, Kaunti ya Nakuru. Hapo ndipo madereva wa malori yanayotoka bandari ya Mombasa kuelekea Uganda, Rwanda na Congo husimama kula, kulala na kununua mahitaji ya safari.

Katika duka la kaunta, muuzaji humtolea mteja bidhaa huku wakijuliana hali. Maduka ya kujihudumia yalibadili desturi hiyo. Naivas, kwa mfano, ilianza mwaka wa 1990 kama duka la aina hiyo huko Rongai, si mbali na Salgaa. Humo mteja hujichagulia anachotaka, na huenda keshia akawa mtu pekee atakayesema naye. Akinuna keshia, duka zima limenuna.

Kwa dereva aliyekaa barabarani siku kadhaa, kuulizwa "habari ya safari?" ni faraja. Huko Uholanzi, kampuni ya Jumbo ilifungua mwaka wa 2019 kaunta maalumu ya malipo kwa wateja wanaopenda kuzungumza bila haraka, hasa wazee wapweke. Hata hivyo, kaunta hiyo ilitengwa na nyingine, kwa kuwa soga ya mteja mmoja ni hasara kwa walio nyuma yake. Dereva aliyeacha shehena kando ya barabara hana subira ya kusikiliza hadithi za wengine.

Hatari kubwa zaidi ni tabasamu la kulazimishwa. Nchini Marekani, kampuni ya Safeway iliwaagiza wafanyakazi wake wawatazame wateja usoni, watabasamu na kuwaita kwa majina. Mwaka wa 1998 baadhi ya wafanyakazi wa kike walilalamika kuwa wateja wanaume walidhani wanatongozwa, wakaanza kuwasumbua.

Funzo hilo linafaa pahali penye wasafiri wengi wa kiume na maduka yanayohudumu hadi usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutoa sera dhidi ya dhuluma za kimapenzi kazini. Mwenye duka dogo naye hakatazwi kumlinda keshia wake.

Mteja pia ana siri zake. Keshia hapaswi kutangaza kwa sauti jina analoliona kwenye ujumbe wa M-Pesa, kutania kuhusu bidhaa zilizonunuliwa, wala kuihifadhi nambari ya simu ili ampigie baadaye. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka habari za mtu zitumiwe kwa kusudi lililofanya zikusanywe.

Kipimo basi ni hiki: salamu, bei iliyo wazi, chenji kamili, risiti na shukrani ni haki ya kila mteja, awe mwenyeji au mpita njia. Zaidi ya hapo, mteja ndiye aanzishe mazungumzo, naye keshia awe na uhuru wa kuyakatiza kwa adabu bila kuogopa kufutwa kazi.