Mfuko wa Bunduki ya Vipande Viwili

Ukiwa na leseni ya bunduki ndogo inayofunguka vipande viwili, ya kulindia shamba, usipoteze fedha kununua mkoba wa ngozi. Turubai kuukuu latosha. Gunia halifai, kwa maana nyuzi zake huingia penye maungio.

Pima kipande kilicho kirefu zaidi, ongeza vidole vinne, ukashone mifuko miwili ubavu kwa ubavu, ili mtutu usigongane na kitako. Mdomo wa mtutu hutoboa turubai upesi. Basi chini weka kiraka maradufu.

Hakikisha bunduki ni tupu kabla ya kuifungua, na risasi uzichukue mbali. Ufikapo nyumbani itoe, uipanguse kwa mafuta, uifungie kwa kufuli. Turubai hushika umande, na bunduki ikilala humo siku chache huota kutu.