Muuguzi Anapokwenda Masomoni: Kibali, Kipato na Pengo la Zamu

Mkazi wa Gerezani aliyezoea kuhudumiwa na muuguzi mmoja kwa miaka hushtuka akiambiwa kwamba yuko masomoni na hatarudi karibuni. Huko si kuikimbia kazi. Katika muundo wa utumishi, mwenye cheti huajiriwa kuwa Muuguzi, mwenye stashahada Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada Afisa Muuguzi. Anayetaka kuhama kundi hawezi kutegemea uzoefu pekee, hata akiwa amesimamia wodi miaka 20. Sharti arudi darasani.

Mtumishi wa halmashauri aliyethibitishwa kazini huomba ruhusa kwa Mkurugenzi kupitia kwa wakuu wake wa idara, akiambatanisha barua ya udahili. Kibali hutegemea mpango wa mafunzo wa mwajiri, hivyo anayeomba wiki ambayo chuo kinafunguliwa amejichelewesha mwenyewe. Anayeondoka bila kibali huhesabiwa mtoro, na utoro wa zaidi ya siku 5 unaweza kumfukuzisha kazi.

Hali ni ngumu zaidi katika zahanati na hospitali binafsi, ambazo Kariakoo na jirani zake si haba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84, lakini haitaji likizo ya masomo. Haki hiyo imo katika mkataba, au haimo kabisa. Ahadi ya mdomo kwamba nafasi itamsubiri haifai kuaminiwa. Iandikwe na kusainiwa.

Anayepewa likizo bila malipo hupoteza zaidi ya mshahara. Mfuko wa PSSSF hudai michango ya miezi 180 ili mstaafu alipwe pensheni ya kila mwezi, na mwezi usiochangiwa hauhesabiwi. Makato ya bima ya afya nayo husimama, na watoto wanaotibiwa kwa kadi ya mzazi huguswa mara moja. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania vilevile ina ukomo, hata kwa aliye darasani.

Wapo wanaosoma bila kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Aga Khan, chenye kampasi jijini, kimekuwa na shahada kwa wenye stashahada walio kazini. Kipato hubaki, usingizi ndio hupungua.

Kwa mgonjwa, swali ni nani anashika zamu. Muuguzi anayesoma huku akilipwa mshahara bado yumo katika ikama, kwa hiyo nafasi yake haihesabiwi kuwa wazi na haitangazwi. Kituo hugawa zamu kwa waliobaki, huomba mtumishi kutoka kituo kingine, au huajiri wa mkataba iwapo mapato yanaruhusu. Uamuzi huo hupita mbele ya kamati ya usimamizi ya kituo, na wananchi wana wawakilishi humo. Hao ndio wa kuulizwa, na wakati wa kuwauliza ni kabla muuguzi hajaondoka.